Usijipime kwa Kikombe cha Mwenzako



Watu wawili wameketi kilabuni. Kila mmoja amekunywa kata mbili za komoni. Mmoja anazungumza vizuri. Wa pili anayumba. Watu wanamcheka: "Huyu si mwanamume!"

Je, wana haki kumcheka? Sisi tunasema hawana.

Ndani ya kila pombe mna kilevi. Ukinywa, kilevi hutoka tumboni na kuingia katika damu. Damu hukipeleka ubongoni. Hapo ndipo mtu hulewa. Lakini watu wakinywa sawasawa, kilevi katika damu zao hakiwi sawa. Sababu ni hizi:

1. Ukubwa wa mwili. Tia kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji. Tia kijiko kingine katika ndoo ya maji. Onja. Maji ya kikombe yana chumvi kali zaidi. Mtu mwenye mwili mdogo ni kama kikombe kile.

2. Mwanamke na mwanamume. Hata wakiwa na uzito sawa, kwa kawaida mwili wa mwanamke una maji machache zaidi. Kwa hiyo kilevi huwa kikali zaidi katika damu yake.

3. Chakula. Mtu mwenye njaa hulewa upesi. Chakula tumboni huchelewesha kilevi kuingia katika damu.

4. Haraka ya kunywa. Ini huondoa kilevi pole pole. Ukinywa haraka, kilevi hurundikana.

5. Ukali wa pombe. Tembo la nazi la jioni ni kali kuliko la asubuhi. Gongo ni kali zaidi.

Wengine husema kahawa au maji baridi huondoa ulevi. Si kweli. Ini haliharakishwi. Dawa ni kungoja saa nyingi.

Wako pia wanaojisifu kwamba hawalewi. Wamezoea tu. Hawayumbi, lakini kilevi kimejaa katika damu yao, na ini lao linaharibika kimya kimya. Mtu wa namna hii akipanda pikipiki, anaweza kuua au kufa.

Kwa hiyo, ndugu, tuache mashindano ya vikombe. Usimlazimishe mgeni wala rafiki. Akisema "imetosha," mwamini, kwani yeye ndiye anayeujua mwili wake. Mtoto asipewe hata kidogo. Mama mjamzito asinywe kabisa, maana kilevi kilicho katika damu yake humfikia mtoto tumboni.

Ukiacha pombe kabisa, ni vizuri zaidi. Ukinywa, kula kwanza, kunywa kidogo, na urudi nyumbani kwa miguu pamoja na mtu asiyekunywa.

Usione aibu kuweka kikombe chini mapema. Watu watacheka leo, kesho watasahau. Lakini ini lako halisahau.