Vikapu 12 na maji ya paa la Chumbe



Kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, safari fupi kwa boti, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Kina msitu, kina matumbawe, kina mnara wa kuongozea meli uliojengwa mwaka 1904, na kina nyumba saba tu za wageni. Hakina mto wala kisima cha maji ya kunywa.

Waliojenga nyumba zile hawakugombana na kisiwa. Waliangalia kinachopatikana, wakajenga kwa kufuata hicho. Paa la kila nyumba limetengenezwa kukinga mvua. Maji huchujwa na kuhifadhiwa katika tangi lililo chini ya sakafu. Mgeni huoga maji hayo hayo, yakiwa yamepashwa moto na jua. Umeme nao ni wa jua. Choo hakivutwi maji, bali kinachoingia humo hugeuka kuwa mboji. Maji yaliyotumika hupitishwa kwenye kitalu cha mimea ili uchafu usifike baharini. Hakuna kiyoyozi, kuna upepo. Usiku njia haziwashwi taa, mgeni hupewa tochi.

Watu hutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili walale hapo. Baadhi yetu tutacheka: yaani ulipe uende kuishi bila kiyoyozi, chini ya makuti kama ya bibi? Lakini kabla ya kucheka, tufungue Injili ya Yohana, sura ya sita.

Bwana wetu alipowalisha watu 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili, wote walikula wakashiba. Mahubiri mengi tuliyoyasikia huishia hapo, kwenye muujiza. Yohana hakuishia hapo. Anasimulia kwamba Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote, nao wakajaza vikapu 12. Tafakari jambo hilo. Aliyeweza kuzidisha mkate kwa neno lake, ambaye kesho yake angeweza kuuzidisha tena, ndiye aliyekataa makombo yaachwe nyasini.

Hapo ndipo ninapoona kasoro katika ibada zetu za siku hizi. Tumefundishwa kuomba baraka zifurike, na hilo si baya. Lakini taratibu tumeanza kuamini kwamba kumwaga ndiyo dalili ya kubarikiwa. Sherehe ya kipaimara isiyobakiza chakula cha kutupwa tunaiona ya kimaskini. Mkutano wa injili ukimalizika, uwanja unabaki umejaa chupa za plastiki zilizonywewa nusu, na mvua ya kwanza inazisomba hadi mtaroni, kisha mtoni, kisha baharini. Tumekumbuka mikate mitano, tumesahau vikapu 12.

Mtu atasema: kiasi ni anasa ya matajiri, maskini hana cha kupunguza. Ni kweli, na tusilipambe jambo hili. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta ndoo ya maji hakuchagua maisha hayo, wala hayampumzishi kama yanavyompumzisha mtalii. Umaskini si fadhila. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, upotevu wetu ni dhambi nzito zaidi. Yule mama anaishi jirani na kanisa ambalo paa lake limemwaga maji barabarani usiku kucha.

Wala kisiwani Chumbe kiasi hakikuwa cha wageni peke yao. Mwaka 1994 matumbawe ya upande wa magharibi yalitangazwa kuwa hifadhi, na uvuvi ukakatazwa hapo. Kwa anayeishi kwa nyavu, hilo si neno dogo. Baadhi ya wavuvi wa maeneo ya jirani walipewa mafunzo, wakawa walinzi wa hifadhi. Hawabebi bunduki. Kazi yao kubwa ni kuzungumza na wavuvi wenzao na kuwaeleza kwamba samaki wakiachiwa mahali pa kuzaliana, wataongezeka na kuvuka mpaka, hadi kwenye maji yanayoruhusiwa kuvuliwa. Mapato ya utalii nayo hugharimia hifadhi hiyo, pamoja na safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa huko kujifunza bahari yao wenyewe. Mwenye nacho ametumia kidogo, na aliyenyimwa amerudishiwa kitu. Bila sehemu hiyo ya pili, kiasi kingekuwa mapambo tu.

Wengi wetu hatutalala Chumbe, bei yake si ya mifuko yetu. Lakini tunachohitaji kutoka kule hakihitaji nauli ya boti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Kanisa lenye paa la mita za mraba 300, likinyeshewa milimita 50, limepokea lita 15,000. Hayo ni madumu 750 ya lita 20. Hata robo ikipotea njiani, bado ni maji mengi kwa mtaa. Tumechanga fedha za vipaza sauti, vya viti vya jukwaani na vya sare za kwaya. Je, tumewahi kuchangia mifereji ya paa na tangi, lenye bomba upande wa nje ya uzio, ili hata jirani asiyesali nasi achote?

Mwanzo sura ya pili yatuambia kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hiyo haikuachiwa wenye hoteli na wataalamu wa mazingira. Ni agizo tulilopewa kabla hatujajua kujenga makanisa.

Leo ukitoka ibadani, simama kidogo uani, utazame juu. Hesabu mabati, kisha uliza kwenye kikao cha wazee wa kanisa: vikapu vyetu viko wapi?

Mungu atujalie kushiba bila kumwaga. Jumapili njema.