Kifundo cha mkono kikivunjika, nani analipa?

Mutu akiteleza kwenye mdomo wa shimo, mkono njo unatangulia chini. Anaangukia kiganja, uzito wote unaingia kwenye kifundo, na mfupa wa upande wa kidole gumba unavunjika pale pale. Munganga Abraham Colles wa Dublin aliandika juu ya mvunjiko huu mwaka 1814, zamani sana kabla ya radio. Kwa mchimbaji wa Kpandroma, anayeishi kwa kupiga chepe, kuvuta kamba na kuzungusha karai, ule mvunjiko ni njaa nyumbani.

Tunasikia maneno mawili kule mashimoni. Wengine wanasema: enda Bunia wakuwekee chuma, utapona mbio. Wengine wanasema chuma ni kuuza ng'ombe bure. Wote wamesema nusu.

Bamba ni chuma chembamba kinachofungwa juu ya mfupa kwa skurubu, mara nyingi upande wa kiganja. Faida yake ni kwamba mutu anaanza kukunja kifundo mapema, hakai majuma 5 au 6 ndani ya plasta. Lakini Uingereza walilinganisha bamba na nyaya za chuma kwa watu wazima 461, wale ambao mfupa wao uliweza kurudishwa bila kupasua. Matokeo yalitoka mwaka 2014: baada ya mwaka mzima, mikono ilikuwa sawasawa. Mwaka 2022 wakatoa mengine, nyaya na plasta kwa watu 500. Tena sawasawa, ila kwa wale wa plasta karibu 1 kati ya 8 mfupa ulihama, wakapasuliwa ndani ya majuma 6 ya kwanza.

Hapo njo tunasimama. Kama mfupa umerudishwa vizuri na umetulia, plasta inatosha, usiuze kitu. Lakini radio ya pili, baada ya juma 1 au 2, hapana kuiacha, hata kama mkono hauumi tena. Na kama kiungo chenyewe kimepasuka na vipande vimeachana, au mfupa unahama kila ukirudishwa, kijana wa shimo anahitaji bamba, na anahitaji mapema. Mfupa ukisha kushika vibaya, munganga analazimika kuuvunja upya.

Tena bamba si la kuwekwa popote. Bila radio ndani ya chumba cha upasuaji na bila vyombo safi, skurubu inaweza kukata mishipa ya vidole, na usaha ukiingia kwenye mfupa ni taabu ya miezi mingi.

Mafundi wa mifupa wa kijiji tunawaheshimu, wamesaidia wazazi wetu. Ila ile kamba ya kukaza sana inaua mkono. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, legeza saa ile ile, toa pete, inua mkono, enda hospitali. Kama mfupa umetoboa ngozi, hakuna kungojea kesho.

Rethy ni jirani, Bunia ni mbali, na barabara hatuijui kila asubuhi itakuwaje. Gari, radio, plasta, upasuaji: yote yanamwangukia mgonjwa na bibi yake, wakati dhahabu aliyoitoa iligawanywa na wengi. PDG wa shimo anachukua fungu lake kabla ya mchimbaji. Mchimbaji akivunjika, PDG anatafuta mwingine. Sisi tunaona hiyo si haki.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya koperative. Basi koperative isiwe karatasi ya kuonyesha polisi tu. Likelemba tunaijua wote; kila shimo litoe kidogo siku ya kugawa, PDG atangulie, na franga zile ziandikwe kwenye daftari ambalo kila mutu anaweza kufungua: gari ya kufika Rethy, radio ya kwanza, na ile ya pili.