Ukipewa Viza ya Kanada, Usichukue na Dharau Yao

Leo nitakanyaga watu vidole, na siombi msamaha.

Wiki iliyopita nilitazama video ya Mkenya mwenzetu aliyehamia Winnipeg, kule Manitoba. Anaonyesha theluji, anaonyesha nyumba, poa kabisa. Halafu anageuzia simu wazee wawili walioketi kwenye stendi ya basi, anasema: "Hawa ndio wenyeji. Serikali inawapa pesa za bure, kazi yao ni kulewa tu. Ukifika, kaa nao mbali." Nikashuka kwenye komenti. Vicheko tupu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu.

Basi nauliza mimi: hiyo umefundishwa na nani? Juu hiyo stori ya "ni mlevi tu" imeshaua mtu, tena ndani ya hospitali, palepale Winnipeg.

Anaitwa Brian Sinclair, Mwanishinaabe wa miaka 45, aliyekatwa miguu yote miwili. Septemba 2008 mpira wake wa mkojo uliziba. Kliniki ikampa barua aende hospitali kubwa ya mji. Akafika na kiti chake cha magurudumu, akaongea na mfanyakazi wa mapokezi, akaambiwa angoje. Akangoja saa 34. Alitapika palepale. Watu waliokuwa kwenye foleni wakawaambia wahudumu kwamba huyu jamaa hayuko sawa. Mwishowe alipoangaliwa, alikuwa ameshakufa na mwili umeanza kukauka.

Alichohitaji ni kubadilishiwa mpira na kupewa dawa ya maambukizi. Hicho tu. Uchunguzi ulipofanywa, baadhi ya wahudumu walisema walidhani amelewa, au hana makao na amekuja kuota joto. Ripoti ilitoka 2014 na mapendekezo 63. Familia yake ilikuwa imeshajitoa, kwa sababu swali la ubaguzi wa rangi, lile walilotaka lijibiwe, halikuchimbwa.

Sasa turudi kwa "pesa za bure". Mwaka 1876, Wacree wa nyanda za nyasi walitia saini Mkataba wa 6 na serikali ya Malkia. Nyati walikuwa wanaisha, ndui ilikuwa imewamaliza watu. Kwa hiyo walidai iandikwe wazi kwamba sanduku la dawa litawekwa kwa ajili yao, na wakipatwa na njaa au tauni watasaidiwa. Ikaandikwa. Upande wa pili ukapata ardhi inayolimwa ngano hadi leo. Buda, mwenye shamba akidai kodi yake, hiyo unaiita msaada?

Na deni lenyewe lililipwa vipi? Njaa ilipokuja, maafisa walizuia chakula ili watu wakubali kuhamia maeneo waliyotengewa. Kuanzia 1885, kutoka nje ya eneo lako ulihitaji karatasi ya ruhusa ya afisa wa serikali, na hata bunge halikuwahi kuipitisha kama sheria. Inakukumbusha nini? Mababu zetu walivalishwa kipande shingoni na serikali ya aina hiyohiyo, chini ya taji hilohilo. Halafu zikaja shule za bweni: zaidi ya watoto 150,000 walipitia huko, wengi wakichapwa kwa kuongea lugha ya mama. Ile ya Gordon, Saskatchewan, ilifungwa 1996. Si kale hiyo. Waliosomea huko ndio hao wazee unaowapiga video.

Usiniambie hayo yameisha. Jordan River Anderson, mtoto wa Norway House, Manitoba, alizaliwa 1999 akiwa mgonjwa sana. Madaktari waliposema anaweza kutoka hospitalini, serikali kuu na serikali ya jimbo zikaanza kubishana nani alipe gharama za kumtunza nyumbani. Walibishana zaidi ya miaka miwili. Jordan alifariki 2005, miaka mitano, bila kulala hata usiku mmoja kwao. Mtoto mwingine wa Kanada asingeingia kwenye huo mvutano. Yeye aliingia kwa sababu ni wa Mataifa ya Kwanza.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Lakini si wengine wanalewa kweli?" Ndio, wapo, kama mtaani kwenu. Hata Brian angekuwa amelewa chakari, bado angestahili daktari. Na ukisema hawa watu hawajitumi, Manitoba yenyewe tangu 2023 inaongozwa na Wab Kinew, Mwanishinaabe.

Sasa mbona nawapigia ninyi kelele na si Wakanada? Juu nusu ya mbogi yangu iko kwenye kozi ya unesi au ya kutunza wazee, na ndoto ni moja. Sikatai, nendeni mkaomoke. Lakini siku moja wewe ndiwe utakuwa kwenye zamu, umevaa sare, na kuna mtu amejiinamia kwenye kiti cha magurudumu. Kama ulichobeba ni ile video, utampita. Sisi tuliotukanwa kuwa wavivu kwenye ardhi yetu wenyewe, hatuna kisingizio cha kurudia tusi hilo kwa mtu mwingine kwenye ardhi yake.

Kwa hiyo ndugu mwenye video, ifute. Na wewe unayengoja viza, ukimwona huyo mtu, mguse bega, muulize jina lake, muulize anaumwa wapi.

Mwenye kubisha, nipo kwenye komenti.