Nauli ya pauni 3: nani anafaidika na basi la Brighton?

Mkazi wa Brighton, jiji la pwani kusini mwa England, anaweza kwenda kutembea na kurudi siku hiyohiyo bila kuwa na gari. Basi namba 12 hutoka mjini, likapita Peacehaven, Newhaven na Seaford, kisha likapanda na kushuka vilima hadi Eastbourne. Njiani abiria hushuka kuitazama Seven Sisters, miamba mirefu iliyo myeupe kama chaki, imesimama wima juu ya bahari.

Nauli yake haipangwi na mwenye basi peke yake. Tangu Januari 2023 serikali imeweka kikomo cha nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya England nje ya London. Kilianza kwa pauni 2, kikapanda hadi pauni 3 Januari 2025. Kampuni hujiunga kwa hiari, na serikali huzifidia kwa fedha za walipa kodi. Mpango huo umeongezwa muda hadi Machi 2027.

Je, nani anafaidika? Kikomo ni kilekile, ushuke karibu au uende hadi mwisho wa njia. Anayesafiri mbali ndiye anayeokoa zaidi. Hata hivyo ile pauni moja iliyoongezwa si ndogo: mke na mume waliokuwa wakilipa pauni 8 kwenda na kurudi, kwa kikomo kipya wanalipa hadi 12. Wazee waliofikia umri wa pensheni hawaguswi, kwani wao hupanda bure kuanzia saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na siku nzima wikendi.

Lakini nauli nafuu haina maana pale ambapo basi halifiki. Tangu 1986, nje ya London, kampuni binafsi ndizo zilizokuwa zikichagua njia, na kwa kawaida hufuata faida. Njia isiyolipa hubaki hai pale tu halmashauri inapoigharamia. Namba 12 ina bahati: watalii na wenyeji hulijaza pamoja. Lipo pia la namba 77 kwenda Devil's Dyke (jina hilo, kwa tafsiri, ni handaki la shetani), ambalo huwafaa wanaokwenda kutembea vilimani. Kijiji kisicho na mandhari ya kuvuta wageni hakina mteja wa pili wa kulilipia basi lake, hata kama wagonjwa wake wanahitaji kufika kliniki.

Sheria mpya ya mabasi ya 2025 inazipa halmashauri nguvu zaidi ya kupanga njia na nauli, na hata kuanzisha kampuni zao. Bado zitahitaji fedha za kuendesha njia zisizolipa. Na iwapo kikomo kitaondolewa Machi 2027, wa kwanza kuumia atakuwa yule wa safari ndefu, awe mtalii wa Seven Sisters au mfanyakazi wa Seaford anayeingia Brighton kila asubuhi.