Utazoea

Tusidanganyane: raba za mtindo wa zamani zinapendeza, lakini kwa mtu wa kutembea hazina starehe. Ninazo mwenyewe, nyeupe, soli bapa, nilizonunua kwa pesa niliyotenga kuchapisha na kujalidi tasnifu. Wiki ya kwanza nikapata malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Kila niliyemlalamikia alinijibu neno moja: utazoea.

Tuanze na historia. All Star ya Converse ilitoka mwaka 1917, ikawa kiatu cha mpira wa kikapu. Samba ya Adidas ilibuniwa kwa ajili ya wanasoka wa viwanja vyenye barafu. Vilikuwa vifaa vya kazi, vizuri kwa wakati wake. Soli laini zaidi zilipokuja, wachezaji walivivua. Mtu anayelipwa ili akimbie amekikimbia kiatu, sisi tunakiita "cha kila siku".

Kila siku ya nani? Anayeshushwa na gari mlangoni mwa mgahawa, akakaa, akapigwa picha, akarudi garini, huyo hana ushahidi. Siku yangu ni kusimama kwenye daladala mbili kutoka Mbagala, kupanda kilima cha chuo kwa miguu, kisha kusimama tena saa mbili mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ikifika jioni mguu umevimba kidogo, kama miguu yote baada ya kutwa nzima. Hapo ndipo kiatu kinapojulikana.

Mtasema niweke soli ya ndani. Niliweka. Fundi viatu wa kituoni alinikatia sponji. Unyayo ukapata nafuu, kisigino kikapanda na kuanza kuchomoka.

Miezi minne sasa siumii tena. Nimezoea? Hapana, nimeota sugu. Na hilo ndilo linaloniudhi, maana neno hilohilo niliambiwa posho ilipochelewa, na msimamizi wangu alipokaa kimya muhula mzima. Tumeligeuza kuwa jibu la kila kinachobana.

Sisemi tusipendeze. Nasema tuache kuyaita maumivu starehe. Ukienda kununua raba, nenda jioni, ukiwa umechoka. Zivae zote mbili, usimame dakika kumi, utembee. Muuzaji akikwambia utazoea, mrudishie viatu vyake.