Msailiwa Asimulie Alilolitenda

Miongoni mwa maswali yanayowatatiza vijana wetu wanapoitwa kwenye usaili wa kazi, hakuna linalowakwamisha kama lile linaloanza kwa maneno "Tueleze wakati ambapo", yaani wakati ulipokosana na mwenzako kazini, au ulipoelemewa na shughuli nyingi kwa pamoja, au ulipogundua kosa ambalo mkubwa wako hakulijua. Kwani swali la namna hii halitaki elimu ya kitabuni wala orodha ya sifa njema, lataka tukio moja lililotukia kweli, na sehemu ya msailiwa mwenyewe ndani yake. Wengi wanayo matukio ya kusimulia, ila hudhani kuwa kuyasimulia ni kujisifu, ilhali kujisifu hasa ni kule kusema "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na naweza kufanya kazi bila kusimamiwa", maneno ambayo kila anayengoja zamu yake nje ya mlango ameyaandika katika barua yake ya maombi.

Maswali haya yana nasaba yake. Katika mpango wa saikolojia wa jeshi la anga la Marekani, ulioongozwa na John Flanagan, zilichunguzwa sababu zilizotolewa kuhusu wanafunzi 1,000 wa urubani walioondolewa mafunzoni mwaka 1941, zikaonekana kuwa aghalabu ni maneno ya jumla, kama vile kukosa kipawa cha kuruka, au tabia isiyofaa, au maendeleo hafifu, yasiyomwonyesha msomaji hata kidogo kijana yule alifanya nini alipokuwa hewani. Ndipo watafiti wakaanza kukusanya matukio mahususi, njia ambayo Flanagan aliieleza katika makala yake ya mwaka 1954. Mwaka 1982 Tom Janz naye akachapisha utafiti ulioonyesha kwamba usaili wenye kudadisi matendo yaliyopita ulibashiri utendaji wa mtu vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpango.

Katika jopo moja nililoketi, nafasi ikiwa ya mtunza bohari, kijana mmoja aliulizwa juu ya kosa alilowahi kuligundua, akajibu kwa taadhima kwamba yeye ni mwangalifu mno, na kwamba katika kituo cha afya alikokuwa akifanya kazi walishirikiana kutatua changamoto zote. Mwenyekiti, mama mwenye subira, akamwambia, "Mwanangu, hebu tutajie kosa moja tu, na wewe ulifanya nini." Kijana akashusha pumzi, akasimulia kuwa leja ilionyesha maboksi 40 ya glovu ilhali rafuni yalikuwamo 28, akayahesabu upya mbele ya mwenzake, akazipitia hati za kutolea vifaa za wiki ile, akaikuta moja ya wodi ya wazazi iliyotiwa saini bila kuingizwa katika leja, akamjulisha msimamizi kabla hesabu za mwezi hazijafungwa. Kwa maelezo hayo mafupi tukafahamu kwamba huyu ni mtu wa kuhakiki kwanza, asiyekimbilia kumtuhumu mwenziwe wizi.

Adabu tuliyolelewa nayo hutufanya tujifiche nyuma ya wenzetu, na ni adabu njema. Lakini jopo haliajiri kundi, kwa hiyo insafu yadai kwamba msailiwa aitaje kazi ya wenzake kwa heshima, kisha aeleze bayana ni lipi alilolifanya kwa mkono wake na likaishia wapi, hata kama halikuishia vyema. Asiazime kisa cha mtu wala asikikariri, maana swali la pili au la tatu, "huyo mwenzako alikujibuje?", litamfedhehesha. Na asiyewahi kuajiriwa asijione mikono mitupu, maadamu amepitia mafunzo kwa vitendo, au amesimamia duka la familia, au ameshika fedha za chama cha wanafunzi.

Wasaili nao wana deni. Pale ambapo kazi yenyewe itafanywa kwa Kiswahili, sioni insafu ya kumlazimisha mtu asimulie kwa Kiingereza jambo lililotukia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha udhaifu wa sarufi yake uhesabiwe kuwa udhaifu wa utendaji. Wampe nafasi ya kufikiri kabla hajajibu. Wamwambie waziwazi kwamba tukio la nyumbani au la shambani linakubalika. Na akijibu kwa maneno ya jumla, wamuulize tena kama alivyouliza yule mama, kabla ya kumwandikia alama.