Mabano si ya Waoga

Wasomaji wenzangu, mniwie radhi, leo sileti hadithi. Nina ugomvi.

Usiku naandika riwaya. Mchana, kwa ujuzi nilioupata kwenye vitabu vya kuazima baada ya kidato cha nne, natunza programu ya mauzo katika duka moja la jumla. Majuzi fundi mmoja, jina namsitiri, alinicheka mbele za watu kwa kuweka mabano. Eti mabano ni ya wasiojua jedwali la vipaumbele!

Haya, tazameni sharti lake mwenyewe: mteja akopeshwe kama ni wa zamani au ni mwanachama na amelipa deni. Soma tena. Anayedaiwa kuwa amelipa ni nani, wote wawili au mwanachama tu? Mwenye duka alikusudia wote. Lakini lugha nyingi za kompyuta hufunga "na" kabla ya "au". Basi wateja wa zamani wakachota mali mwezi mzima huku madeni hawajalipa. Na lawama kabebeshwa nani? Mimi.

Shule ya msingi tulikaririshwa MAGAZIJUTO, na inaanza na mabano, jamani! Ila haisemi lolote juu ya "na" wala "au". Tena hata hao wakubwa jedwali limewatega. Katika C, andika x & 1 == 0 ukidhani unauliza kama namba ni shufwa. Mashine inalinganisha kwanza 1 na 0, inapata sifuri, na jibu lako ni sifuri siku zote, hata namba iwe 8. Dennis Ritchie, aliyeitunga lugha hiyo, alikiri mwaka 1993 kwamba ingekuwa afadhali mpangilio huo ungebadilishwa. Nayo PHP, toleo la 8 la mwaka 2020, ikakataa kabisa kupanga masharti ya alama ya kuuliza mfululizo bila mabano.

Sasa nauliza: mtunzi akitega sentensi ili msomaji akwame, tunamwita bingwa? Mbona humu tunamchana!

Nimeliandika upya: (wa_zamani || mwanachama) && amelipa. Nikamsomea mzee mwenye duka, ambaye hata kuiwasha kompyuta hajui. Akasema, "Ee, ndivyo nilivyotaka."

Fundi bado anacheka. Mshahara wangu wa mwezi ule ulikatwa, na mabano siyatoi.